Mbawakawa mwenye mzinga: mkorogo, jongoo na ubishi wa mageuko barazani

Video yenyewe haifiki dakika mbili. Mbawakawa mdogo, kichwa na miguu rangi ya kutu, mabawa ya bluu iliyokolea, amebanwa mguu kwa kibanio. Ghafla anapinda ncha ya tumbo, analenga kibanio, na pu! wingu la mvuke linafyatuka nyuma yake. Hapo msimulizi anaingia kwa sauti ya mahubiri: ndani ya mdudu huyu mna kemikali mbili ambazo zikikutana hulipuka, kama angetokea kidogo kidogo, angejilipua kabla hajapata mtoto, basi mageuko, yaani viumbe kubadilika kidogo kidogo kizazi hadi kizazi, ni uongo, mjadala umefungwa.

Kijana aliyeileta video hiyo barazani kwetu Ngamiani, Tanga, ni dereva wa bajaji, na hakuja kwa shari. Aliweka simu katikati ya vikombe vya kahawa na sahani ya kashata akasema, "Haya mwalimu, hii unaijibuje?" Nilifundisha kemia sekondari kwa miaka mingi, kwa hiyo swali lolote lenye neno "kemikali" hutupiwa mimi, hata likiwa la dawa ya kunguni. Usiku ule sikujibu vizuri. Nilitoa mfano mbaya, nikabanwa, nikacheka pamoja na walionicheka. Nayaandika hapa yale ambayo ningeyasema kama kahawa isingekuwa inapoa.

Tuanze na mdudu. Nitamwita mpiga mzinga, mzinga wa vita na si wa nyuki, maana ndiyo kazi yake. Jamaa hawa ni zaidi ya spishi 500, na wengine wako Afrika Mashariki. Aliyechunguzwa sana maabara za Marekani alitoka Kenya, jirani zetu hapo. Mwisho wa tumbo ana tezi mbili, kulia na kushoto, na kila tezi ina vyumba viwili. Chumba cha ndani ni ghala. Kuta zake ni laini na zimezungukwa na misuli, na humo mna maji yenye haidrojeni peroksaidi kiasi cha asilimia 25 pamoja na haidrokwinoni kiasi cha asilimia 10. Chumba cha nje ni kidogo, kuta zake ngumu, nacho kina vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali. Baina yao kuna vali, yaani kilango cha kufunga na kufungua. Mdudu akiguswa, misuli ya ghala inabana, maji yanapenya kwenda chumba cha nje, na vimeng'enya vinayapokea kwa fujo: peroksaidi inavunjwa kuwa maji na oksijeni, haidrokwinoni inageuzwa kuwa benzokwinoni, na joto linafika nyuzi 100, yaani maji ya kuchemka kabisa. Mvuke na oksijeni ndio baruti. Benzokwinoni ndiyo risasi, maana huwasha macho, pua na ngozi.

Majina haya yanatisha, lakini kinamama wa mjini wanayajua vizuri kuliko wanafunzi wangu wa zamani. Haidrokwinoni ndiyo ile ile ya mkorogo, ile inayochubua ngozi na ambayo imepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Haidrojeni peroksaidi iko duka la dawa lolote, asilimia 3 au 6, ya kusafishia vidonda. Iko saluni za kubadilisha rangi ya nywele. Na wachora piko wengine huichanganya na ule unga mweusi ili rangi ikolee. Kwa hiyo ghala la mpiga mzinga lina tofauti ndogo sana na kibanda cha vipodozi pale sokoni, ila tu dawa yake ni kali zaidi.

Sasa kumbuka ulivyokuwa mtoto, goti limechubuka, mama anakumiminia ile "dawa ya povu". Ndani ya chupa ilikuwa imetulia tuli kama maji ya kisima. Ilipogusa kidonda ikachemka povu jeupe, wewe ukapiga kelele. Kilichofanya povu ni kimeng'enya kilichomo kwenye damu na nyama yako, kinaitwa katalesi, na kazi yake kila siku ni kuvunja peroksaidi. Maana peroksaidi hiyo hata wewe unaitengeneza. Ni uchafu unaobaki chembe za mwili zinapotumia oksijeni, na kiumbe asiye na njia ya kuiondoa angepata taabu. Mpiga mzinga naye ana katalesi, ila ameirundika kwenye chumba kimoja.

Anayetaka kuona kwa macho yake, aende jikoni. Peroksaidi ya asilimia 3, vijiko viwili ndani ya glasi. Itazame dakika nzima: hakuna kitu. Halafu nyunyiza hamira, hiyo hiyo ya mahamri. Povu linapanda hadi linamwagika, na ukishika glasi utaona imepata uvuguvugu. Nimelifanya jaribio hili mbele ya madarasa mengi, na kila mara kuna mwanafunzi wa nyuma anayesema, "Mwalimu, ni Omo hiyo." (Krimu za mkorogo usizilete kwenye jaribio. Hazifai usoni na hazifai kwenye glasi.)

Kinachochemsha, basi, ni kimeng'enya. Kemikali mbili za ghalani zenyewe zinakaa pamoja bila ugomvi, na hapo ndipo hoja ya video inapopasuka. Historia yake inafurahisha. Miaka ya 1970 huko Marekani alikuwapo mtu aitwaye Duane Gish, mwenye shahada ya uzamivu ya biokemia, msemaji hodari wa Taasisi ya Utafiti wa Uumbaji ya California. Akienda kwenye midahalo ya vyuo vikuu, mpiga mzinga alikuwa karata yake ya dume. Alisema peroksaidi na haidrokwinoni zikichanganywa hulipuka papo hapo, kwa hiyo mdudu alihitaji dawa ya kuzuia mlipuko tangu siku ya kwanza, pamoja na dawa nyingine ya kuiondoa ile ya kwanza wakati wa kupiga. Ukikosa moja, mdudu vipande vipande. Ukumbi ulikuwa ukicheka, na mwanabiolojia wa upande wa pili anakuna kichwa, kwa sababu wengi wao hawakuwa wamewahi kuchanganya vitu hivyo.

Mwaka 1978 wahadhiri wawili wa Chuo Kikuu cha Jimbo la San Diego, William Thwaites na Frank Awbrey, wakavichanganya mbele ya watu. Maji yakageuka rangi ya kahawia. Basi. Hakuna aliyekimbia. Ikaja kujulikana kwamba chanzo cha kosa kilikuwa tafsiri mbaya ya makala ya Kijerumani ya Hermann Schildknecht, mkemia wa Heidelberg aliyewachambua wadudu hawa, na Gish akakubali kwamba alikosea. Karibu nusu karne imepita, na kosa lililokubaliwa na mwenyewe bado linatembea kwenye simu za watu wa Tanga. Wenzangu wa barazani waliposikia hili walinyamaza kidogo, nikadhani nimeshinda.

Sikushinda. Mzee mmoja mvuvi, ambaye huwa hasemi mpaka kikombe cha pili, akasema, "Sawa, hazilipuki. Lakini vali je? Ghala je? Na hiyo shabaha? Vyote vilikuja siku moja?" Hilo ni swali zuri kuliko la video, na wanaounga mkono uumbaji walio makini hulitegemea hili zaidi kuliko lile la mlipuko. Nami ndipo nikatoa mfano wangu. Nikasema, mzee wangu, tazama baharini. Kuna mtumbwi wa gogo, kuna ngalawa yenye matengo pembeni, kuna jahazi. Kila kimoja kinaelea na kinaleta samaki; hakuna aliyekufa njaa akisubiri jahazi likamilike. Mzee akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, zote hizo zimechongwa na fundi. Umejijibu."

Baraza zima likaangua kicheko. Na alikuwa na haki. Mfano wowote unaochukua kwenye kazi za mikono ya watu unakuja na fundi wake ndani. Padri William Paley wa Uingereza alilijua hilo mwaka 1802 alipoandika kwamba ukiokota saa njiani utajua kuna aliyeitengeneza. Kwa hiyo jahazi tuliache bandarini. Swali la mzee lina sehemu mbili zilizoshikamana: je, kuna hatua za katikati zinazofaa? Na je, nani amezipanga? Ya kwanza inajibika kwa kutazama wadudu. Ya pili nitaifikia.

Jioni iliyofuata nilikuja na jongoo ndani ya kopo. Yule mkubwa mweusi wa pwani, ambaye baada ya mvua hukatiza njia kana kwamba ana hati ya kiwanja. Kwa hesabu ya wanabiolojia jongoo hayumo kwenye kundi la wadudu wa miguu sita, na sisemi kwamba mbawakawa alizaliwa na jongoo; hilo lieleweke. Nilimleta kwa sababu ya ubavu wake. Kwenye pingili zake kuna vitundu vidogo, na ukimsumbua hujikunja mviringo, kisha vitundu hivyo hutoa matone ya maji ya njano yenye harufu kali inayofanana na ya dawa ya hospitali. Ukimshika, vidole vinabaki na doa linaloanza njano na kuishia kahawia, na sabuni ya mche haiondoi. Hilo doa ni benzokwinoni, ukoo ule ule wa risasi za mpiga mzinga. Jongoo hana mzinga, hana vali ya kufyatulia, hana maji ya moto. Ana kemikali inayovuja tu, na imemtosha: kuku anamdonoa mara moja, anapangusa mdomo chini, anaondoka.

Benzokwinoni inatoka wapi? Hapa nenda jikoni tena, usiku, uwashe taa ghafla. Kila mwenye nyumba ya pwani amewahi kuona mende mweupe. Watoto husema ni aina nyingine ya mende, wengine husema ni mende aliyeanguka kwenye unga. Ni mende wa kawaida aliyetoka kujivua gamba. Gamba jipya huwa jeupe na laini. Baada ya saa chache linakuwa la kahawia na gumu. Linalogeuza ni kwinoni, ukoo wa ile benzokwinoni, zinazofunga protini za gamba pamoja, kazi inayofanana sana na ya mtengeneza ngozi anapoilowesha ngozi mbichi. Kwa hiyo wadudu wana kiwanda cha kwinoni kwa sababu nyingine kabisa, ya kujenga ukuta wa nyumba yao. Mdudu ambaye sehemu ya kwinoni hizo inavuja na kumfanya awe na ladha mbaya amepata kinga ya bure. Mwenye kijifuko cha kuihifadhi amepata zaidi.

Sasa tusogee karibu na mpiga mzinga mwenyewe. Huko California yuko jamaa yake aitwaye Metrius, mwenye vyumba viwili vile vile na kemikali zile zile, lakini hapigi. Anapoguswa, mchanganyiko unatoka kama povu na kutambaa juu ya mgongo wake, ukiwa na joto la nyuzi 55 hivi. Hauruki kwenda mbali. Ni chai iliyopoa kidogo ukilinganisha na mwenzake wa nyuzi 100, ila sisimizi akiuma mguu wake anakutana na povu hilo na kuachia. Huyu ni mdudu mwenye nusu ya mzinga, yuko hai leo, anazaa, hana habari kwamba kwenye simu ya kijana wetu imeandikwa hawezi kuwapo.

Na vali, ambayo mzee aliiulizia? Ilipimwa mwaka 1990 kwamba mlipuko wa mpiga mzinga si mmoja, ni milipuko midogo inayofuatana kama mara 500 kwa sekunde, tatatata ya bunduki tunayoisikia kama pu moja. Ukisikia hivyo unadhani kuna ubongo wa ajabu unaofungua na kufunga mlango mara 500. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani wakampiga picha za eksirei zenye kasi kubwa akiwa anafyatua, wakaona mlango unajifunga wenyewe. Mlipuko ukitokea, shinikizo linasukuma ngozi laini ya mlango na kuuziba, shinikizo likishuka, maji mengine yanapenya, mlipuko mwingine. Kifuniko cha sufuria ya ubwabwa kinafanya hivyo hivyo juu ya moto mkali, kinacheza tako tako tako, na hakuna mpishi anayekiinua.

Jambo moja zaidi kuhusu ukamilifu, maana msimulizi wa video alilirudia neno hilo kama zikri. Watafiti wa Japani waliwalisha vyura wakubwa wapiga mzinga hawa. Vyura waliwameza, kisha mlio ukasikika tumboni. Asilimia 43 ya vyura waliwatapika, baada ya dakika 12 hadi 107, na wadudu wakatoka hai, wamelowa ute. Ni habari ya kustaajabisha, lakini hesabu upande wa pili: zaidi ya nusu ya vyura walikula wakashiba. Mzinga wa nyuzi 100 nao unashindwa mara nyingi. Kinga haihitaji kuwa kamili ili iwe na faida. Inatosha mwenye nayo aokoke mara chache zaidi kuliko asiye nayo, vizazi na vizazi. Ndiyo maana yule wa povu bado yupo, na jongoo bado anakatiza njia.

Silaha za kemikali zimetuzunguka, ni kwamba tumezizoea. Mtu wa Muheza aliyewahi kupanda mchungwa wenye viota vya majani yaliyoshonwa anawajua maji moto, wale sisimizi wekundu. Jina lao wamelipata kihalali: wanauma, halafu wanakunja tumbo na kunyunyizia asidi ya fomiki kwenye jeraha, na wewe unashuka bila kuhesabu matawi. Wakulima wa minazi wana sababu ya kuwapenda, kwani wanawafukuza kunguni wa mnazi wanaoharibu vidaka. Mbawakawa wengine wa ardhini, jamaa wa mpiga mzinga, hutumia asidi hiyo hiyo. Yupo pia yule mdudu mwembamba wa mistari ya chungwa na nyeusi ambaye Wakenya humwita Nairobi flai. Haumi wala hachomi, lakini ukimponda shingoni unaamka na malengelenge kama umemwagiwa chai. Sumu yake, pederini, hata haitengenezi mwenyewe; inatengenezwa na bakteria wanaoishi ndani yake. Silaha ya kuazima!

Ila anayetaka kuona hatua kwa hatua zikijaribiwa maabara, amwache mbawakawa amfuate kipepeo. Huko Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, na hata kwenye viwanja vya wazi hapa mjini, yuko kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe. Anaruka taratibu, kwa maringo, hana wasiwasi na ndege. Kiwavi wake hula mimea ya utomvu mweupe ambayo mbuzi huikwepa. Utomvu huo una sumu za moyo: zinaziba pampu ya sodiamu, mashine ndogo iliyo kwenye chembe za kila mnyama, na bila pampu hiyo moyo na mishipa ya fahamu havifanyi kazi. Viwavi wa jamii hii hula sumu hiyo na wengi wao huibeba hadi wanapokuwa vipepeo. Wanaishije?

Jibu limo kwenye pampu yenyewe. Kwa binamu yake wa Marekani, yule kipepeo mashuhuri anayehama maelfu ya kilomita, herufi tatu za protini ya pampu zimebadilika, na sumu haishiki tena. Ajabu ni kwamba wadudu wengine wanaokula mimea ya namna hiyo, mbawakawa, kunguni na nzi wasio na undugu wa karibu na vipepeo, wamebadilika sehemu zile zile, kila mmoja kwa njia yake. Mwaka 2019 watafiti waliingiza mabadiliko hayo matatu kwenye nzi wa matunda, wale wanaozungukia ndizi zilizoiva sana. Nzi wakastahimili sumu. Na mpangilio ulikuwa na maana: badiliko lenye nguvu kuliko yote likitangulia peke yake, nzi anadhurika mishipa ya fahamu, likitanguliwa na jingine dogo, madhara yanapungua. Kwa hiyo njia ipo, inapitika, na ina mlango wa kuingilia. Hapo hatuzungumzi tena juu ya kufikiria tu.

Kwa mpiga mzinga hatujafika kiwango hicho. Ngazi niliyoieleza, ya mende mweupe, jongoo, povu la nyuzi 55, mzinga wa nyuzi 100, imejengwa kwa kulinganisha viumbe walio hai leo. Ni ngazi nzuri na kila kidato chake kinakanyagika, lakini hakuna aliyesimama na kamera miaka milioni nyingi. Anayesema kila hatua imeshathibitishwa anaudanganya umma upande wa pili. Kilichothibitishwa ni kwamba neno "haiwezekani" la kwenye video lilikuwa dai la kemia, likapimwa kwa kemia, likaanguka.

Maneno nayo yanatuponza. Shuleni tunasema "nadharia na vitendo", kwa hiyo mtu akisikia "nadharia ya mageuko" anaelewa jambo la karatasini ambalo halijawahi kufanyiwa kazi. Katika sayansi nadharia ni maelezo yaliyobeba ushahidi mwingi. Vijidudu kuleta maradhi nayo ni nadharia, na hakuna anayekataa sindano kwa sababu hiyo. Kisha kuna ndugu wawili, mageuko na mageuzi. Kwa kizazi changu mageuzi ni vyama vingi vya 1992. Nimewahi kusahihisha karatasi ya mwanafunzi aliyeandika kwamba Darwin, yule Mwingereza wa nadharia ya mageuko, alileta mageuzi, na kwa jinsi alivyoeleza nilihisi anamwona jukwaani na bendera. Na tangu fuvu la Olduvai lipatikane mwaka 1959, watoto wetu hufundishwa asubuhi habari za zamadamu na jioni huenda madrasa au kipaimara, wakajua jibu lipi liandikwe wapi. Hakuna anayekaa nao kuwaeleza kwamba sayansi haisemi mtu alizaliwa na nyani huyu anayeiba mahindi; inasema sisi na yeye tuna babu mmoja wa zamani sana.

Nikafika kwenye sehemu ya pili ya swali la mzee. Nani kapanga? Hapa mimi kama mtu wa kemia sina chombo cha kupimia. Mchanganyiko wa peroksaidi na haidrokwinoni unageuka kahawia kwa muumini na kwa asiyeamini. Waislamu wana sura za Nyuki, Chungu na Buibui, Wakristo wanasoma kwenye Mithali, "Ewe mvivu, mwendee chungu." Al-Jahiz, mwandishi wa Basra wa karne ya 9, alijaza kurasa nyingi za habari za wanyama na wadudu, akiona kwa kila mmoja dalili ya Muumba, na udadisi wake haukupungua kwa sababu hiyo. Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Harvard, alikuwa Mkristo mchaji na mtetezi mkubwa wa Darwin Marekani. Kwake Darwin aliandika mwaka 1860 kwamba anashindwa kuamini Mungu mwema angewaumba kwa makusudi wale nyigu wanaotaga ndani ya viwavi hai ili watoto wao wawale polepole. Gray aliisoma barua, akabaki na imani yake, na akabaki na mageuko. Huko Uingereza Andy McIntosh, profesa wa Leeds anayeamini uumbaji, alimchunguza mpiga mzinga ili kubuni vifaa vya kupulizia, na vifaa hivyo havikuuliza itikadi ya mtu.

Ninachokiona ni hatari kwa imani yenyewe kuifunga kwenye mkia wa mdudu. Siku mhadhiri wa San Diego anapochanganya chupa mbili na maji yakawa ya kahawia tu, aliyeambiwa kwamba hapo ndipo ilipo hoja ya Mungu atafanyaje? Mzee mvuvi alilisema kwa ufupi kuliko mimi: "Mimi sikuamini kwa sababu ya dudu, na dudu halitanitoa."

Darwin mwenyewe, kwa bahati, alizionja silaha hizi. Akiwa mwanafunzi Cambridge, mgonjwa wa kukusanya mbawakawa, alibandua gamba la mti akakuta wawili wa aina adimu, akakamata mmoja kila mkono. Mara akamwona wa tatu. Hakutaka kumpoteza, akamtia kinywani yule wa mkono wa kulia. Yule akamwachia maji makali yaliyomchoma ulimi, akamtema, akampoteza, na yule wa tatu naye akakimbia. Nilipowasimulia kisa hiki barazani, kilipokelewa vizuri kuliko kemia yote.

Kijana wa bajaji muda huo alikuwa amemtoa jongoo kwenye kopo, anamzungusha kiganjani, anasubiri aone matone. Aliyaona. Baada ya dakika chache vidole vitatu vilikuwa vya njano, vinaelekea kahawia. Akaenda bombani, akasugua kwa sabuni, akarudi, akasugua kwa limau, akarudi. Jumamosi dada yake anaolewa.

"Doa hili linatoka lini, mwalimu?"

Nikamwambia ngozi ikibadilika, siku kadhaa. Muuza kahawa akavitazama vile vidole, akatikisa dele lake kusikia kama bado lina kahawa, akasema, "Usijali mwanangu. Waambie umepakwa piko, ukakimbia kabla hawajamaliza."